Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Rungwe, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wetu. Mkuu wa Shule. Mwenyekiti wa Bodi. Walimu, wazazi na wahitimu, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, maana barabara ya kupanda huku wakati wa mvua kila mtu anaijua.

Klabu yetu ilianza na mwalimu mmoja na kompyuta mpakato yake mwenyewe. Leo ina wanachama 46, na kwa unyenyekevu mkubwa tunasema ndiyo inayoongoza katika kata nzima. Nyingine bado haijaanzishwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukualika kwa kubahatisha. Ulisomea sayansi ya kompyuta, lakini hukujifungia humo: ulifanya kazi na watu wa vinasaba, ukahamia kwa watu wa hali ya hewa, na sasa uko na watafiti wa mazao. Wapo wenzetu wanaopenda baiolojia na kemia ambao husema kompyuta haiwahusu. Huwa tunawakumbusha Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024: nusu alipewa David Baker kwa kubuni protini mpya, nusu wakagawana Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya kutabiri umbo la protini. Hassabis huyo shahada yake ya kwanza ni ya kompyuta. Na tuzo ni ya kemia!

Kwa kuiga programu ya Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu hata pasipo intaneti, tumetengeneza yetu ya kutofautisha jani zima la mgomba na jani lenye ugonjwa. Hupatia mara nyingi, hasa picha ikipigwa asubuhi. Pia tumefufua kompyuta iliyokuwa imekufa, kwa kuitoa vumbi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kompyuta zetu ni sita, zinazowaka ni nne, na zote zinakaa stoo pamoja na majembe na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Muhula uliopita panya wa stoo alitafuna waya wa kipanya. Mvua ikinyesha, na huku kwetu hainyeshi kidogo, tunazifunika kwa turubai na kipindi kinaishia hapo.

Si kwamba tumekaa tu. Wazazi walifyatua tofali, wakachoma, wakabeba kwa vichwa, wakainua boma la chumba cha kompyuta mpaka kwenye lenta. Utaliona ukitoka nje, mkono wa kushoto. Tafadhali usidhani ni bustani. Magugu yameota ndani kwa sababu mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia, tena mbele ya wazazi hawa hawa, aliahidi mabati. Tulimpigia makofi mengi sana. Mwaka uliofuata mwingine akatuambia la mabati liko mezani. Tunaiheshimu sana meza hiyo, ila mvua ya masika haijui kwamba kuna meza. Kozi mbili za juu zimeanza kumomonyoka, na fundi anasema zikipita masika nyingine bila paa, itabidi zibomolewe.

Kwa hiyo hatukuombi kompyuta mpya, ingawa tukipewa hatutakataa. Tunaomba paa: mabati 60 ya geji 28, mbao, misumari, na grili za madirisha. Makadirio ya fundi ni shilingi 4,600,000, na karatasi yake tumeiambatanisha. Ufundi wenyewe wazazi wamekubali kuulipia.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, kwamba lolote utakalotuahidi leo ulitaje pamoja na tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele na daftari liko wazi. Na kama mwaka huu haitawezekana, utuambie hivyo hivyo. Tutakupigia makofi vilevile, kisha tuwahi kulifunika boma kwa nyasi kabla ya Machi.

Tunaomba kuwasilisha.