Dang'a la mbuzi lisimwagwe

Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu hapa Bombo, na nyuma ya nyumba nafuga mbuzi saba. Juzi jirani alikamua dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) la mbuzi wake aliyezaa mapacha, akalimwaga mgombani eti ni maziwa machafu. Siku ya tatu pacha mmoja akafa.

Mtoto wa binadamu, hasa miezi mitatu ya mwisho tumboni, hupokea kinga ya mama kupitia kondo la nyuma. Anazaliwa na akiba, ingawa naye dang'a asinyimwe. Kondo la mbuzi, na la ng'ombe vilevile, halipitishi kinga hiyo. Mwanambuzi hukaa tumboni siku 150 hivi, hutoka na manyoya, kwato na macho wazi, na hata saa haijaisha amesimama (wetu mpaka mwaka!), lakini damu yake karibu haina kinga. Akiba yote imo kwenye dang'a, na utumbo huipokea vizuri saa chache za kwanza tu. Ikipita siku, mlango umefungwa.

Jirani ameniuliza mkunga wa watu anajua nini kuhusu mbuzi. Ana mwingine mwenye mimba. Nimemwambia aniite, hata usiku wa manane.

Mkunga mstaafu,
Bombo