Kumbe Dada Somoe Alikuwa Anasoma

Newala, Jumapili usiku

Shoga yangu Sharifa,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na shemeji na watoto hawajambo huko Lindi. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Arobaini ya dada Somoe imepita Alhamisi, hitima imesomwa, watu wamekula wametawanyika, nami nimeomba ruhusa ya siku chache zaidi shuleni nikabaki hapa nyumbani kwake. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imebadilika. Sikuweza kukujibu pale, na watu walikuwa wengi.

Dada unamkumbuka. Ndiye aliyetuletea ming'oko ya kuchemsha chuoni, akakaa nje ya geti tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa sababu hakuweza kusoma kibao kilichowaelekeza wageni mlango wa pili. Wenzetu walicheka. Wewe ulitoka mbio ukampokea kapu. Mimi nilinyamaza, nikasubiri wacheke wamalize. Jambo hilo sijawahi kukuomba radhi, wala yeye.

Alitoka shule darasa la tatu. Serikali ilipotangaza mwaka 1977 kwamba kila mtoto aende shule, yeye alikuwa tayari anasoma, tena anaongoza darasa. Mwaka uliofuata mama akafariki. Na hapa juu uwandani unapajua: maji yalikuwa chini bondeni. Dada aliondoka na ndoo giza halijapambazuka, akipandisha mlima anakuta kengele imeshalia, na nyumbani nipo mimi wa miaka minne nalia njaa. Akaacha. Mimi nikaja nikasoma, nikawa mwalimu, na kila nilipoulizwa nimefikaje hapa nilijibu ni juhudi zangu.

Sasa sikiliza. Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda benki na mwanawe Hamisi kuulizia taratibu za mirathi, maana hela zake za korosho zilipitia huko. Kijana wa dirishani akatoa fomu ya akaunti. Nikamwambia, mwanangu, hii siyo yake, dada yangu anaweka dole gumba. Akaigeuza ile karatasi nione picha. Ni dada, na kilemba chake cha kahawia. Na chini ya picha kuna sahihi: Somoe. Ile S imepinda kama ndoano, herufi zimeunganishwa vizuri, na chini kapiga mstari. Nilimtazama Hamisi, akainamisha kichwa. Nikajua yeye anajua.

Aliniambia njiani: "Mama mdogo, fungua tranka."

Tranka lenyewe liko chini ya kitanda. Juu kuna kanga zake, zile za doti alizokuwa akininyooshea nimsomee jina kabla hajazikata. Chini ya kanga, madaftari manne. La kwanza limeanza mwaka 2008, kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka nje ya mistari. Ukurasa mzima ni "ma me mi mo mu". Sharifa, nafundisha darasa la kwanza mwaka wa ishirini na sita huu. Mkono wa mtu anayejifunza kuandika naujua hata gizani. Nilikaa sakafuni nikashindwa kuinuka.

Aliyemfundisha alikuja mwenyewe kwenye arobaini. Ni Zuhura, binti wa jirani, wakati ule yuko darasa la sita. Anasema walianza baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuingia mkoani mwaka 2007. Zamani unapima korosho, unapewa hela yako mkononi. Sasa unapeleka magunia chama cha msingi, unapewa karatasi, unasubiri mnada, na malipo yanakuja na makato. Dada alitaka kujua kakatwa nini. Basi jioni walikuwa wanakaa uani wakibangua korosho, Zuhura anaandika kwa kijiti kwenye mchanga, dada anafuatisha, kisha wanafuta kwa mguu. Alimwambia mtoto yule: asijue mtu. Na mtoto akatunza siri mpaka amekuwa mtu mzima.

Daftari la pili lote ni hesabu. Tarehe, kilo, gredi ya kwanza, gredi ya pili, mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Msimu mmoja kaandika pembeni: "Mizani ilipungua kilo 6. Nimewaonesha kalatasi. Wamelekebisha." Zamani nilisikia kwamba kuna mama huku kijijini wanaomwogopa kwenye mizani. Sikujua ni huyu wangu.

Lakini kilichonikalisha macho usiku ni daftari la tatu.

Unajua kwamba barua za Hamisi kutoka Dar es Salaam nilizisoma mimi. Dada alipanda gari hadi kwangu Mtwara, barua ameifunga kwenye pindo la kanga, nami namsomea tumekaa barazani. Mwaka 2009 ikaja barua mbaya. Hamisi amelazwa, anakohoa damu, kifua kikuu. Nilipofika pale ulimi ukakataa. Nikaruka, nikasoma: anakusalimu sana, kazi inaendelea vizuri. Nilipanga nimtumie mtoto hela kimyakimya, kisha nimweleze dada taratibu. Dada akasema alhamdulillahi, akaikunja, akaifunga tena kwenye kanga. Wiki ile akaniaga kwamba anakwenda msibani Masasi. Alikaa siku tisa.

Nakunukulia alivyoandika, kwa herufi zake:

"Hawa kaniluka mistali. Hakutaka nilie. Sijamwambia kitu."

Ukurasa unaofuata ni majina tu, moja chini ya jingine: Mchinga, Mbwemkulu, Nangulukulu, Somanga, Ndundu, Ikwililu, Kibiti, Mkulanga. Niliyasoma mara mbili ndipo nikaelewa. Ni vibao vya barabarani. Alikuwa amekaa dirishani, peke yake, anakwenda Dar kwa mwanawe, na kila kibao kilichopita alikisoma akakiandika. Barabara ya Somanga hadi Ndundu wakati ule bado ni vumbi na matope, gari linarushwa, na maandishi yake hapo yameyumba. Akafika. Akamuuguza. Hamisi anasema alisimama mlango wa wodi, akasoma kibao kwa sauti, kisha akaingia.

Na mimi miaka yote nilidhani nimemkinga.

Nilijiuliza: mtu ambaye barua ameshaisoma juzi, anapanda gari kutoka Newala kuja kusomewa nini? Amejibu mwenyewe, mwaka 2011:

"Nikimwambia najua kusoma sitakuwa na safali ya kwenda kwake. Hawa ana kazi nyingi. Balua ndiyo inanipa kukaa naye. Akisoma anakunja uso kama mama."

Sina kumbukumbu ya uso wa mama, Sharifa. Hakuna picha. Nimesoma mstari huo, nikachukua kioo chake kidogo cha ukutani, nikashika daftari mbele yangu nikajitazama nikisoma.

Nakueleza na lililo chungu. Nimewafundisha watoto wa watu wasio na idadi. Dada yangu wa tumbo moja sikumwambia hata siku moja: kaa hapa, shika penseli. Wala haikuwa kukosa nafasi. Nilipenda anavyonihitaji. Nilipenda anavyoninyooshea barua kwa mikono miwili mbele ya majirani. Yeye aliliona hilo akaniachia, akawa anajifanya hajui ili mimi nibaki mwalimu.

Nyuma ya daftari la nne kuna orodha, juu kaandika "Ya kumuuliza Hawa". Riba. Dhamana. Wosia. Bayana. Kila neno lina alama ya vema. Nimekumbuka! Tukichambua mboga jikoni kwangu, katikati ya maneno mengine, anauliza: "Hivi, mdogo wangu, dhamana ndiyo kitu gani?" Nami namweleza huku nakata bamia, nikidhani kalisikia redioni. Kwa hiyo nilimfundisha. Kidogo, bila kujua, lakini nilimfundisha.

Neno la mwisho halina vema. "Kadhalika". Aliugua kabla hajaja Mtwara.

Jana jioni nilikaa uani, pale walipokuwa wakibangulia, nikamweleza maana yake kwa sauti, na mfano nikatoa, kama ninavyowafanyia watoto. Kisha nikaweka vema kwa penseli yake.

Hamisi kakubali madaftari nibaki nayo mimi. Mwisho wa mwezi ukipata nafasi panda gari uje, ulale kwangu siku mbili. Nataka nikusomee yote manne, na safari hii siruki mstari.

Wako,
Hawa