Tuwaache waamuzi na ndevu zao

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika wiki iliyopita akitaka marefa wapigwe marufuku kufuga ndevu, kusuka nywele na kuonyesha michoro ya mwilini. Hoja yake ni kwamba mwamuzi ni hakimu, na hakimu asiyejiweka vizuri hawezi kuheshimiwa. Nimepuliza filimbi miaka 19, na sasa ni mwaka wa sita nakaa jukwaani na fomu mkononi nikiwatathmini wenzangu. Nusu ya aliyoyasema nayakubali. Nusu nyingine imeshatupotezea mwamuzi mzuri, na mkono wangu ulikuwamo.

Nianze na tunapokubaliana. Refa anayeingia uwanjani na bukta yenye tope la mchezo wa juzi, soksi moja juu na nyingine kifundoni, amejitafutia taabu kabla mpira haujawekwa katikati. Makapteni wanamkagua pale pale kwenye kurusha sarafu. Nimewahi kumwona kapteni akimpandisha na kumshusha refa kwa macho, akageuka akamnong'oneza mwenzake, na dakika ya tatu tayari anabisha mpira wa kurusha ambao hata mtoto angeona ni wa nani. Halafu kuna usafi wa mwili wenyewe. Refa anafanya kazi karibu na watu. Anamwita mchezaji pembeni, anazungumza naye uso kwa uso, anaingia katikati ya wanaotaka kupigana. Harufu ya jasho la jana au ya sigara inaharibu mazungumzo ambayo yangeweza kuokoa kadi. Kucha ndefu zinachubua. Cheni na bangili zinanasa kwenye jezi ya mtu.

Kwenye soka mambo haya yana maandishi. Sheria ya 5 inataja vifaa ambavyo mwamuzi lazima awe navyo: filimbi, saa, kadi nyekundu na ya njano, na daftari au njia nyingine ya kuweka kumbukumbu za mchezo. Inamkataza kuvaa mapambo. Kwenye mpira wa kikapu wa kimataifa nako imeandikwa: shati la waamuzi, suruali ndefu nyeusi, soksi nyeusi na viatu vyeusi vya mchezo. Sheria ya 5 nimeisoma mara nyingi kuliko barua zangu mwenyewe. Ndevu hazimo. Urefu wa nywele haumo. Hayo tumeyaongeza sisi, kwenye vyama vyetu, mara nyingi kwa mdomo tu, na mwamuzi kijana anayaona kama sheria kwa sababu yametamkwa na mtu mwenye uwezo wa kumpanga au kutompanga.

Sasa nieleze lililonifanya niandike.

Chama nilichokuwa nakifanyia tathmini wakati ule kilikuwa na kipengele cha muonekano kwenye fomu, na ndani yake mstari mmoja: "uso ulionyolewa." Siku moja nilipangwa kumtathmini kijana aliyekuwa anapanda haraka. Alifika saa moja na nusu kabla ya mchezo, viatu vinang'aa, jezi imepigwa pasi, begi limepangwa kila kitu mahali pake. Alikuwa na ndevu fupi, zimechongwa vizuri, hazikuzidi unene wa kucha. Nilimwambia kwamba kwa fomu ile nitalazimika kumkata alama. Kamisaa, msimamizi wa mchezo, alikuwa amesimama mlangoni, naye akaongeza kwamba kijana akiwa na ndevu zile hatoki chumba cha kubadilishia nguo.

Kijana hakubisha. Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna mwenye wembe. Mshika kibendera mmoja alikuwa nao, ule wa kutumia na kutupa, na sijui alikuwa ameutumia mara ngapi. Alinyoa kwenye sinki, kwa maji baridi na kipande cha sabuni ya kunawia, bila kioo. Alipogeuka, shingo nzima ilikuwa imejaa vitone vya damu. Alibandika vipande vya karatasi laini, vikajaa, akavitoa, akabandika vingine. Wakati timu zinapangwa kwenye njia ya kutokea, kola ya jezi yake ya njano ilikuwa na doa jekundu ubavuni.

Kipindi cha kwanza chote nilimwona akijifuta shingoni kwa mkono ule ule wenye filimbi, kila jasho lilipoteremka kwenye vidonda. Wachezaji waliona. Mmoja alimwonyesha kwa kidole, akimwambia kwamba anavuja damu. Pamoja na hayo alichezesha vizuri. Kulikuwa na mshambuliaji aliyeanguka ndani ya eneo la hatari huku jukwaa zima limesimama kudai penalti, naye alikuwa hatua chache tu pembeni, kwenye pembe sahihi, akaonyesha kwa mikono miwili kwamba mchezo uendelee. Alikuwa sahihi. Niliandika hivyo. Kisha nikashuka kwenye kipengele cha muonekano, nikampa alama zote. Ndevu zilikuwa hazipo, na fomu haikuuliza kuhusu damu.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mazoezini. Shingo na taya vilikuwa na vipele vikubwa, vingine na usaha. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuieleza habari hiyo kwa watu wengi. Tangu alipoanza kuota ndevu, kila akinyoa kwa wembe ndivyo anavyokuwa, na daktari alimwambia aache wembe kabisa. Alipeleka barua ya daktari kwenye chama. Akajibiwa kwamba kanuni ni ya wote. Mechi zikapungua, kisha zikakoma, na mwisho hakuonekana tena mazoezini.

"Kanuni ni ya wote" ndilo neno ninalotaka msomaji wako alitafakari. Nywele zilizojisokota, zikikatwa kwa wembe chini kabisa, hubaki na ncha kali kama mwiba. Zinapoota tena hujikunja na kurudi kuichoma ngozi ile ile zilimotoka, na nyingine hazitoki nje kabisa, zinapinda humo humo ndani. Mwili unazipokea kama kitu kigeni: uvimbe, kuwasha, usaha, na baada ya miaka, makovu meusi. Hali hii huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu ya umbo la nywele zao, na ushauri wa kwanza wa madaktari ni kuacha kunyoa karibu na ngozi. Kwa hiyo mstari ule mmoja wa fomu unamgharimu mwamuzi mmoja dakika tano asubuhi, na mwingine unamgharimu ngozi yake. Mashine inayoacha nywele fupi kidogo ingewatosha wote wawili. Tena kijana wangu ndivyo alivyokuja siku ile, nadhifu kuliko mimi niliyekuwa namkagua.

Mwandishi yule alisema pia kwamba sura ya refa haijawahi kubadilika, na sisi ndio tunaoiharibu. Hapo amekosea. Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka 1930 kule Montevideo, ilichezeshwa na John Langenus wa Ubelgiji akiwa amevaa koti, tai na suruali ya kubana chini ya magoti. Leo akitokea hivyo tutamrudisha chumbani. Rangi nyeusi tuliyoizoea ilitawala mpaka miaka ya 1990, na kwenye Kombe la Dunia la 1994 tukaona marefa wa rangi nyingine. Huko Marekani ile milia myeusi na myeupe ya marefa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya refa wa futiboli ya Kimarekani, Lloyd Olds, aliyekuwa akivaa shati jeupe, kukabidhiwa mpira na mchezaji wa timu iliyovaa nyeupe aliyedhani ni mwenzake. Hiyo ndiyo sababu ya vazi la mwamuzi: wachezaji wamtambue kwa jicho moja, wamtofautishe na kipa na timu zote mbili. Ukiniuliza ndevu zinamchanganya nani, sina jibu.

Na heshima? Refa Pierluigi Collina wa Italia alipoteza nywele zote akiwa kijana kwa sababu ya ugonjwa. Hakuwa na nywele kichwani wala nyusi. Kama sura isiyo ya kawaida ingekuwa inaondoa mamlaka, mtu huyu asingefika popote. Alichezesha fainali ya Kombe la Dunia ya 2002, Brazili na Ujerumani, na wachezaji wakubwa wa enzi yake walipunguza sauti alipowasogelea. Kwa miaka yangu ya kujaza fomu, ninachokiona kikiondoa heshima ni refa aliyeachwa mita 40 nyuma ya tukio, filimbi inayolia kama anaomba ruhusa, na mkono unaopanda nusu kisha ukashuka.

Waamuzi wa kike wanaumia kwa namna yao. Nimekaa kwenye kikao ambapo mwenzetu mmoja aliambiwa afumue misuko yake kwa kuwa "haipendezi." Nywele ndefu zina sababu moja ya kuguswa na kanuni: zisimfunike macho anapogeuka kwa kasi. Zifungwe nyuma, basi. Kuhusu vazi la kichwani, IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, iliruhusu wachezaji kulivaa tangu mwaka 2014, baada ya hoja ya usalama wa shingo kupimwa na kujibiwa, na mwaka 2023 Heba Saadieh wa Palestina alishika kibendera kwenye Kombe la Dunia la Wanawake akiwa na hijabu yake. Michoro ya mwilini nayo ni rahisi. Yenye matusi au nembo ya klabu ifunikwe, maana huwezi kuchezesha klabu uliyoichora mkononi. Mingine haimhusu mtathmini.

Wengi wanakumbuka kisa cha Desemba 2018 kule New Jersey, ambapo mwanamieleka wa shule ya sekondari aliambiwa na mwamuzi akate rasta zake au apoteze pambano. Zilikatwa kwa mkasi pale pale kando ya mkeka, watu wakirekodi. Dunia ililaani, na baadaye mwamuzi yule akafungiwa misimu miwili. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kuwalinda watu kazini na shuleni wasibaguliwe kwa sababu ya mitindo ya nywele kama rasta na misuko. Kila nikikumbuka picha zile naliona lile sinki. Tofauti ni kwamba kwetu hapakuwa na kamera, na aliyeumia alikuwa mwamuzi mwenzetu, ambaye watu hawana mazoea ya kumhurumia.

Ninachoomba kwa vyama si kulegeza unadhifu. Naomba kila kanuni ya muonekano iandikwe, na pembeni yake iandikwe sababu yake ya kikazi: kutambulika, usalama, usafi, kutopendelea. Isiyo na sababu ifutwe. Barua ya daktari ipokewe kama tunavyoipokea ya goti. Na kabla hatujamkata mtu alama kwa jezi iliyokunjamana, tujiulize tumempa jezi ngapi. Wapo marefa wenye jezi moja, wanaoifua usiku na kuivaa asubuhi ikiwa bado mbichi kwapani, halafu tunawapeleka kwenye viwanja visivyo na chumba wala bomba, wanabadilishia nguo nyuma ya gari. Mtu huyo akitokea msafi, amejitahidi kutuzidi sote tuliokaa jukwaani.

Jumamosi nina mchezo wa kutathmini. Fomu nimeshapewa, na mstari wa "uso ulionyolewa" bado upo. Nimeukata kwa kalamu, juu yake nimeandika "uso msafi," na nimeiandikia kamati ya waamuzi kuieleza kwa nini. Nitafanya hivyo kwa kila fomu nitakayopewa. Yule kijana nilimpigia simu juzi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaniuliza kama mtihani wa mbio bado ni ule ule.

Mwamuzi mstaafu na mtathmini wa waamuzi