Muuzaji wa gari jipya aeleze kutu iliyo chini ya boneti

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wanunuzi wa magari mapya hapa Pwani hulikuta mapema mno, wengine wakanyamaza kwa kuona haya na wengine wakazua ugomvi usio na msingi, nalo ni kutu juu ya sehemu za injini ya gari ambalo viti vyake bado vimefunikwa nailoni.

Mwezi uliopita nilikabidhiwa pikapu mpya ya dizeli, mita yake ikisoma kilomita 19. Nilipoinua boneti nyumbani kwangu Likoni, niliona manifoldi ya ekzosi imegeuka rangi ya chungu cha udongo, vichwa vya bolti kadhaa vina madoa mekundu, na chuma kinachoshikilia altaneta, ile mashine ya kuzalishia umeme wa gari, kimeota unga ulionibaki kidoleni. Nilimpigia simu aliyeniuzia, naye akanijibu kwa maneno mawili tu, "Ni kawaida," kisha akaniaga.

Fundi wangu, mzee aliyezeekea gereji, alikuja na kitambaa na bisibisi. Alipoifuta manifoldi unga ulitoka, na alipoigonga kwa ncha ya bisibisi hapakubanduka hata gamba moja. Alinieleza kwamba sehemu hiyo ni chuma cha kusubu, kinene, nayo hupitisha moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo rangi ya kawaida ingeungua mara moja na ndiyo maana viwanda vingi huiacha wazi. Ukiongeza wiki kadhaa za safari ya meli, na baadaye kungoja mnunuzi katika yadi iliyo karibu na bahari, ambako chumvi ya hewani hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu usiku kucha, kutu haina budi kushika. Diski za breki nazo ni vivyo hivyo. Mvua ya usiku mmoja huzitia wekundu, na asubuhi ukikanyaga breki mara chache zinang'aa tena.

Sikatai, basi, kwamba muuzaji alisema kweli. Kinachonikera ni kwamba hakuuliza kutu iko wapi, na bila shaka angenijibu maneno yale yale mawili lau ningekuwa nimeiona kwenye mabomba ya breki, ambayo ni membamba na yakitoboka gari halisimami, au lau maji ya radieta yangekuwa ya kahawia, ishara kwamba chuma kinalika kwa ndani. Tena kuna kutu inayosimulia habari nyingine kabisa. Bolti zinazofunga viti sakafuni ziko ndani, hazipigwi na upepo wa bahari wala mvua. Zikiwa na kutu katika gari jipya, na soketi za waya zina tope, mnunuzi ana haki ya kuuliza kama gari hilo liliwahi kuzama. Baada ya mafuriko tuliyoyaona nchini mwaka 2024, swali hilo si la kumvunjia mtu heshima.

Mnunuzi asipoelezwa na muuzaji huelezwa na majirani. Mmoja alinishauri niipulizie injini oili chafu, ambayo juu ya manifoldi ya moto hufuka moshi na huweza hata kushika moto, na ikifika kwenye mipira huilainisha na kuivimbisha. Mwingine alitaka niioshe kwa mashine ya maji, na maji yenyewe ni ya kisima, ambayo sisi wa Likoni tunajua yalivyo na chumvi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na taarifa anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa gari, taarifa hizo zingeweza kutolewa katika dakika 10 za makabidhiano: boneti ifunguliwe mbele ya mnunuzi, aonyeshwe kutu iliyopo, aambiwe ipi ni ya juu juu na ipi imekwisha kusafishwa na kupakwa dawa, na aelezwe waranti inahusu nini, maana dhamana nyingi za kutu huzungumzia bodi iliyotoboka wala haziugusi huo unga wa kwenye bolti.

Fomu niliyoitia sahihi ilikuwa na visanduku vya jeki, gurudumu la akiba, redio na mazulia ya miguuni, na vyote viliwekwa alama kwa uangalifu mkubwa. Cha kutu hakikuwamo. Nawaomba wauzaji wakiongeze, na picha moja ya injini ibandikwe kando yake kabla ya mnunuzi kuondoka na ufunguo.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa