Kwa vijana wa ugani mnaopangiwa vituo Nyanda za Juu Kusini

Wanangu,

Nimesikia orodha ya vituo imetoka. Wapo wa Rungwe, wapo wa Mbozi na Makete, na wapo watakaoshuka bonde la Usangu. Nimekuwa bwana shamba miaka 31 katika wilaya hizo. Elimu ya udongo na mbolea mnanishinda, kwa hiyo sina wasiwasi nayo. Naogopa mtafika kijijini mkidhani kwamba kwa kuwa sote tunasema Kiswahili, basi tumeshaelewana.

Mwaka wangu wa kwanza Rungwe niliitisha somo la palizi ya maharage kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Wanaume walijaa. Wanawake, wenye jembe la palizi mkononi, walifika wanne tu, wote vikongwe. Nikaandika kwenye ripoti kuwa wanawake wa kijiji kile hawana mwamko. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Bibi mmoja ndiye aliyeniita pembeni. "Mwanangu, umewaita wakwe na wakaza wana uwanja mmoja." Kwa mila ya Wanyakyusa mke humwepuka baba mkwe wake, akimwona njiani hupisha, na hakai naye mahali pamoja. Wakati ule mila hiyo ilishikwa hasa. Akina mama wale hawakulikataa somo langu, walikuwa wanatunza heshima, nami nikaiita heshima yao uvivu. Wiki iliyofuata tulikutana asubuhi shambani kwa bibi yule, wanawake peke yao. Walikuja na watoto mgongoni, wakaniuliza maswali ambayo chuoni sikuyasikia.

Mtakaokwenda Usangu, siku ya kwanza msimuulize mfugaji ana ng'ombe wangapi. Kwako ni hesabu ya dozi za chanjo. Yeye anakumbuka wafugaji walivyoondolewa Ihefu, ardhi oevu ya bonde hilo, kuanzia mwaka 2006, na mgeni mwenye daftari hamtofautishi na waliokuja wakati ule. Muulize habari za majani, za maji, za ndama wanaoharisha. Idadi ataitaja mwenyewe, siku akiona unamfaa.

Halafu kuna "ndiyo". Ukimaliza kusema, mzee akikujibu "ndiyo, mtaalamu", usifunge daftari. Kwetu huku mgeni habishiwi mbele za watu. Nimeitikiwa "ndiyo" kijiji kizima, nikarudi baada ya mwezi nikakuta mbegu imehifadhiwa darini, haijaguswa. Baki nyuma, saidia kubeba viti, tembea na mtu mmoja hadi kwake. Kipingamizi cha kweli utakisikia njiani.

Salamu nazo mjifunze kabla ya safari. "Kamwene" itakufungulia nyumba nyingi kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" kwa Wanyakyusa, "mwangaluka" asubuhi kwa Wasukuma. Anayekwenda Mbarali, wilaya ya huko Usangu, apite kwangu Uyole kabla hajapanda gari la Rujewa. Nina daftari la majina ya wazee wa vitongoji vya huko, na wengine bado wako hai.

Mimi baba yenu, bwana shamba mstaafu.