Umeme wa Kaskazini: pumba za mpunga tunazichoma bure

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Machi 2025 Rais Samia alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa yetu ya Kaskazini, kwa kuwa unaotoka mbali unapotea mwingi njiani, watu walikuja juu: Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, ya Ethiopia ya nini? Mimi nilimwelewa. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Mabogini, na umeme uliochoka njiani naujua. Mota inanguruma bila nguvu, mkanda unateleza, mchele unatoka na chuya tele, na mama mwenye gunia ananikodolea macho mimi, haikodolei nguzo.

Ila katika mabishano yale sikusikia mtu akiuliza huku kwetu kuna nini. Nyuma ya mashine yangu kuna kichuguu cha pumba. Katika mpunga, karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni zile pumba ngumu. Zile laini wafugaji wanazigombania. Ngumu, wachoma matofali wakishachukua zao, zinazobaki tunatia kiberiti. Na wenye mashine kuanzia hapa mpaka Chekereni tuko wengi.

Majirani zetu wa TPC, kiwanda cha sukari, wanachoma makapi ya miwa na kupata umeme. Bihar, India, kuanzia 2007 kuna vijiji vilivyowashiwa taa kwa pumba hizi hizi: zinaunguzwa kwa hewa kidogo, zinatoa gesi, gesi inaendesha injini ya jenereta. Kazi yake ina usumbufu, nisidanganye. Gesi isiposafishwa ina lami inayoziba injini, na majivu ni mengi kweli kweli.

Wapo wanaosema tusubiri jotoardhi, umeme wa mvuke wa chini ya ardhi. Kenya wanalo Olkaria tangu 1981, na Bonde la Ufa lile lile linapita Ziwa Natron. Wachimbe, sina ugomvi. Lakini kisima cha mvuke kinakula mabilioni kabla hujajua kama kitalipa, na pumba mimi naziona kwa macho.

Kanuni za wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, zipo chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kinachotukwamisha ni kwamba mwenye mashine mmoja hana pumba za mwaka mzima: msimu wa mavuno zinamfukia, ukipita hana hata debe. Halmashauri itutengee eneo moja la kukusanyia, lenye paa, maana zikilowa hazina kazi. Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho tayari kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, kije kitupimie kama hesabu inakubali au haikubali.

Wakitaka pumba za majaribio, waje na lori. Sitawatoza hata senti, ila wapakiaji waje nao.

Mkoboa mpunga,
Mabogini, Moshi