Mwanangu, isimulie asubuhi ile

Geelong, Jumapili 12 Novemba 2023

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unasema tangu ufike Muheza watu wanakuja kwa bibi kukupa pole, na kila anayeketi anauliza yale yale: baba alifia wapi, ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa naye, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Nawe unajibu kama nilivyokufundisha: alikuwa na saratani, alilala, akaenda. Kisha unakwenda nyuma ya jiko, chini ya michungwa, unalia, kwa sababu unawadanganya watu waliokuja kulia nawe.

Kosa ni langu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Usiku ule, kabla sijawapigia simu ndugu zangu, nilikuita chumbani nikakuambia, "Hawataelewa. Sema alilala akafa." Nilikuwa naogopa neno moja tu. Kiswahili chetu kina kufariki, kuuawa na kujiua. Hakina neno la alichofanya baba yako. Huku Australia wameliandikia sheria nzima: mgonjwa asiye na kupona aombe mwenyewe dawa ya kumaliza maisha yake. Huko nyumbani anayemsaidia mtu kujitoa uhai ana kesi, na hata aliyejaribu akanusurika ana kesi. Nikamwona mama yako mkubwa amesimama mbele ya padri akisema tumemuua mgonjwa. Na hati ya kifo ikanirahisishia, maana imeandikwa saratani ya kongosho, na hilo ni kweli. Nikajificha humo, nikakuvuta na wewe.

Babu yako alipofariki nilikuwa nimekuja likizo, nikamwona bibi yako ameketi mkekani siku saba. Kila kundi la wageni likiingia anaanza upya: aliamka, akaomba maji, akauliza kama mbuzi wamefungwa. Siku ya kwanza hakufika kwenye mbuzi. Siku ya tatu alifika, sauti ikakatika. Siku ya kuanua matanga alisimulia mpaka mwisho, na kwenye mbuzi akacheka, na wanawake wote wakacheka naye huku wakifuta machozi. Wakati ule niliwaona wale wageni wadadisi, hawana huruma kumchimba mama yangu namna ile. Leo naona walikuwa wanamtua mzigo, kila mmoja anaondoka na kipande chake. Wewe sijakupa hata siku moja ya namna hiyo. Mimi mwenyewe nilipewa siku mbili za ruhusa yenye malipo, ndiyo sheria ya huku, na ya tatu nilikuwa kazini nabadilisha mashuka ya wazee.

Uliuliza pia, "Mama, tulimwachia tu?" Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Hakuna aliyemsukuma. Sheria ya jimbo letu la Victoria, iliyoanza kutumika Juni 2019, ilimkataza daktari wake hata kuligusia jambo hilo. Ilikuwa lazima mgonjwa alitamke mwenyewe. Alilitamka Januari, mimi nimekaa pembeni nimeshika koti lake. Madaktari wawili walimpima, kila mmoja kwa wakati wake: kama kweli ugonjwa ungemmaliza ndani ya miezi sita, kama akili yake ni timamu, kama yupo anayemlazimisha. Aliomba mara tatu, mara moja kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, na shahidi hakutakiwa kuwa mtu wa kunufaika na urithi wake. Tangu ombi la kwanza hadi la mwisho zisipungue siku tisa.

Katika siku hizo, usiku mmoja nilimpigia magoti. Hilo hukulijua. Nilimwambia asubiri, dawa za maumivu zipo, mimi nipo, nitamgeuza, nitamwogesha, ndiyo kazi ninayofanya kila siku kwa watu nisiowajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha visimani Handeni, "Najua utaniogesha. Nataka niage nikiwa bado nakujua jina." Sikumwomba tena. Kwa hiyo hapana, hatukumwachia tu. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, naye akachagua.

Kisha likaja lile sanduku. Wafamasia walilileta kutoka hospitali ya The Alfred kule Melbourne, wakaketi mezani petu wakaeleza kila kitu polepole, mara ya pili tena. Mimi ndiye niliyeandikwa kuwa mtu wa mawasiliano: kama dawa ingebaki, ningepaswa kuirudisha kwao ndani ya siku 15 baada ya kifo. Nililifunga kwa kufuli, nikaliweka juu kabatini karibu na kanga zangu. Wapo wanaopewa sanduku kama lile wakafa kifo chao bila kulifungua, na kila nilipovuta kanga nilimwomba Mungu baba yako awe mmoja wao. Ndipo nikashtuka: mimi, mkewe wa miaka 26, nilikuwa naomba afe mapema. Nilibeba aibu hiyo miezi mitano.

Na zile siku za kungoja! Wewe ulipika na kusafisha madirisha. Mimi nilizungumza na watu kama mtu wa kawaida. Jumatatu jirani aliuliza kama aje na samaki Jumamosi, baba yako anapenda samaki. Nikasema ndiyo, asante. Nilijua Alhamisi saa nne asubuhi imekwisha kupangwa, nikamwambia ndiyo, asante. Wafiwa wengine kilio chao huanza mtu akishakata roho. Sisi tulianza kulia tukiwa tunamkatia kucha, tena tunajificha ili asituone, naye anajificha ili tusimwone.

Timu ya tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa maumivu, iliyokuwa ikimhudumia ilinipigia simu baada ya mazishi kujua tunaendeleaje. Nilisema tunaendelea vizuri. Mwezi wa tano nikajiunga na kikundi cha wafiwa, nikakaa kimya wiki tatu. Mmoja mumewe aligongwa na gari akienda kununua mkate. Mwingine mwanawe alianguka uwanjani. Wote walikuwa wakisema, laiti ningejua, ningemwambia hili na lile. Mimi niliyejua siku na saa, ningefungua mdomo niseme nini mbele yao? Nikaacha kwenda.

Hatimaye niliwapigia Grief Australia, nikapata mshauri, mwanamke mtulivu. Nilipomweleza ile dua ya kabatini hakushtuka. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unaomba afe, au ulikuwa unaomba asilazimike kuchagua?" Nililia mpaka muda ukaisha. Alinisimulia kwamba Oregon, Marekani, watafiti walizungumza na jamaa 95 wa wagonjwa walioomba kusaidiwa hivi, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba huzuni yao haikuzidi ya wafiwa wengine. Uswisi nako, utafiti wa mwaka 2012 uliwauliza watu 85 waliokuwapo mgonjwa wao alipokunywa dawa. Kama 13 katika kila 100 walikuwa na dalili za ule mshtuko unaomrudisha mtu chumbani usiku na mchana. Nikakukumbuka wewe unavyozima simu kila Alhamisi asubuhi, na nilivyokuwa nikidhani ni hasira juu yangu. Mwanangu, huo si uwendawazimu, wala si dalili kwamba tulitenda uovu. Una tiba, na mtu wa kukutibu yupo. Nimekuombea nafasi kwa simu ya video ukiwa huko huko. Ukiona bado, tutakwenda pamoja ukirudi.

Mshauri huyo ndiye aliyeniunganisha na bibi mmoja wa miaka zaidi ya sabini, mumewe aliondoka kwa njia ile ile ya baba yako. Tulikutana ufukweni hapa Geelong, penye mabenchi. Hakuniuliza alikuwa na ugonjwa gani. Alisema, "Mimi nilimshikia kikombe. Wewe je?" Nikasema, "Mimi nilishika miguu. Mwanangu alishika mkono." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitamka asubuhi ile kwa mtu ambaye yeye mwenyewe aliipitia. Tukakaa mpaka upepo ukatufukuza. Njiani kurudi nilihisi njaa, njaa ya kweli, sikuwa nimeisikia tangu Machi.

Basi nakufungua. Atakayeuliza baba alifaje, ukitaka mwambie. Mwambie alikuwa kitandani, dirisha wazi. Kwamba alitushukuru mmoja mmoja, akakunywa mwenyewe kwa mkono wake, akakunja uso kwa uchungu wa ile dawa, akalala kabla hujamaliza kumfuta midomo. Wapo watakaokuona mkosaji. Wapo watakaoinuka waondoke. Usiwabishie, nao wana imani yao, hata mimi bado nina maswali ninayompelekea Mungu peke yangu usiku. Na asiyestahili kusimuliwa usimsimulie. Kunyamaza kwa hiari yako si sawa na kunyamazishwa na mama yako.

Nisingekutuma peke yako kwenye jambo zito hivi. Jana jioni nilimpigia bibi yako mwenyewe, wewe ukiwa sokoni. Nikamwambia yote, tangu Januari hadi Alhamisi ile, bila kuruka sanduku wala magoti. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nikwambie ukweli. Akashusha pumzi, akauliza:

"Asubuhi hiyo alikula nini?"

Nikamwambia alionja uji vijiko viwili, uji wa mtama ulioukoroga wewe kwa mikono yako, ukamtilia ndimu kama anavyoupenda. Zaidi ya hapo sikuweza. Nimemwambia yaliyobaki akuulize wewe. Atakuita leo baada ya ibada, na amesema atatandika mkeka.

Mama yako